AMANA YA MAJI: FUNZO LA IHEFU NA MTO RUAHA



Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Iringa kwenda Mbeya, baada ya kupita Makambako utateremka katika uwanda mpana wa Usangu. Kushoto kwako ni milima ya Kipengere na Uporoto. Kulia ni mashamba ya mpunga, na mbali zaidi, mahali usipoweza kupaona kutoka barabarani, iko Ihefu, nchi ya majimaji na matete, makazi ya ndege na samaki.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ameipanga nchi hii kwa hekima. Mito ya Mbarali, Kimani na Chimala hutoka milimani. Ndembera hutoka upande wa Mufindi. Yote hukusanyika Ihefu. Maji hutokea mlango mmoja tu, mahali paitwapo Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Ihefu ni kama mtungi uliotobolewa ubavuni: maji yakifika usawa wa tundu hutoka, yakishuka chini yake hayatoki hata tone, ingawa ndani ya mtungi bado yamo. Yakishatoka huwa ndiyo Mto Ruaha Mkuu, unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukaingia bwawa la Mtera, ukashuka Kidatu na hatimaye kuungana na Rufiji. Kidatu ilianza kutoa umeme mwaka 1975, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 204. Mtera ina megawati 80. Kwa hiyo aliyewasha taa Dar es Salaam alikuwa na haki katika maji ya Usangu, ijapokuwa hajapata kuiona Usangu maishani mwake.

Mwaka 1993 mto huu, uliozoeleka kutiririka mwaka mzima, ulisimama. Kiangazi kile, ndani ya hifadhi, palibaki mchanga na madimbwi ya tope ambamo viboko walisongamana. Tangu hapo ukawa unakauka kiangazi baada ya kiangazi.

Watu wakaanza kunyosheana vidole. Wasangu, wenyeji wa uwanda huo, walikuwa wamepokea wageni wengi. Wabaluchi, ndugu zetu katika imani, walifika enzi za ukoloni na wakawa miongoni mwa waanzilishi wa kilimo cha mpunga wa kumwagilia. Wafugaji wa Kimasai, Kisukuma na Kibarbaig walifuata malisho. Katika miaka ya 1970 likaja shamba kubwa la serikali la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China, na baadaye la Kapunga. Mfereji ukazaa mfereji.

Lawama nyingi ziliwaangukia wafugaji. Mwaka 1998 Usangu ilitangazwa kuwa pori la akiba. Mwaka 2006, wakati nchi ikiwa katika mgao wa umeme, wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Ihefu, na wengi wakahamia kusini hadi Lindi. Mwaka 2008 pori hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Lakini wataalamu waliofanya uchunguzi Usangu kati ya 1998 na 2001 walikuwa wamekwisha kueleza kwamba sababu kubwa ni mifereji: maji yalikuwa yakiendelea kuchepushwa wakati wa kiangazi, hata mpunga ulipokuwa umekwisha kuvunwa, yakimwagika katika mashamba matupu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha ingetiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulipita, na mto uliendelea kukauka.

Je, Uislamu unasema nini juu ya jambo hili? Unasema mengi, ndugu msomaji, kwani Madina nayo ilikuwa mji wa mashamba na vijito. Imepokewa kwamba katika vijito vya Mahzur na Mudhaynib Mtume Muhammad (S.A.W.) aliamua kuwa mwenye shamba la juu ayazuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha amwachie aliye chini yake. Tazama uadilifu huo! Wa juu hakunyimwa haki yake kwa kuwa yuko karibu na chanzo, wala hakupewa yote kwa sababu hiyo hiyo. Alipewa kipimo, na kipimo kikifika, ziada si yake tena.

Mtume (S.A.W.) pia alitenga malisho ya Naqi kwa ajili ya farasi wa umma. Sehemu iliyotengwa namna hii iliitwa hima. Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka Hunayy kuwa mlinzi wa hima alimwonya aogope dua ya aliyedhulumiwa, awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe mkali kwa mifugo ya matajiri kama Ibn Awf na Ibn Affan. Maskini akifiwa na mifugo, alieleza, atakuja na watoto wake kuomba. Tajiri anayo mashamba ya kurudia. Basi tujifunze kwamba hifadhi ni jambo la kisheria, lakini hifadhi inayoanza kwa kumfukuza mnyonge na kumwacha mwenye mfereji mkubwa haikufuata njia ya Umar.

Katika bonde hili wapo wananchi walioanza kuifuata njia ya kipimo. Katika Mto Mkoji na mingineyo, wakulima wa juu na wa chini walikaa pamoja wakapatana zamu za maji. Jumuiya za watumia maji ziliundwa, na Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikazitambua. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilikwisha kukataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Lakini sheria haina miguu. Miguu ni ya mwanakijiji anayekwenda kukagua banio, kufunga lango la mfereji kiangazi, na kupanda miti ya asili penye chemchemi. Hapati mshahara. Mara nyingine hupata chuki ya jirani yake.

Mtu huyo, ndugu msomaji, anafanya ibada. Tumefundishwa kuwa hata anayetawadha penye mto utiririkao asifanye israfu. Ikiwa israfu ya kata moja ya udhu inahesabiwa, itakuwaje israfu ya mfereji uliofunguliwa usiku kucha juu ya shamba tupu, wakati jirani wa chini anachimba mchanga kwa mikono apate ndoo moja ya kunywa?

Wewe uliye Rujewa, Chimala au Iringa, jiulize: maji yamekwisha fika kwenye vifundo? Kama yamefika, fungua, mwachie mwenzako. Nawe uliye mbali, usidhani umesalimika. Kila mmoja wetu yuko juu ya mtu fulani katika mto fulani, awe wa maji, wa mali au wa elimu, na ataulizwa juu ya aliyekuwa chini yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu wa amana. Amin.