Kilomita Tano Katika Lita Moja

Injini ya ile Vitz inayokuja ukiita teksi kwa simu imelazwa kikingama kwa sababu ya Mfereji wa Suez. Najua inasikika kama stori ya mtu aliyelewa, lakini hebu fungua boneti. Kwenye Peugeot 504 za wazee wetu injini inatazama mbele, na nguvu inasafiri chini ya gari zima kwa fimbo ndefu hadi magurudumu ya nyuma. Kwenye Vitz, March, Demio na Starlet, injini imegeuzwa ubavu na inasukuma magurudumu ya mbele, yaliyo pale pale karibu nayo. Hakuna fimbo ndefu ya kubeba wala nafasi ya kupoteza. Gari linakuwa fupi na jepesi, na halina kiu.

Julai 26, 1956, Gamal Abdel Nasser alitangaza kwamba Misri imeutaifisha mfereji. Kati ya Oktoba na Novemba, Israeli, Uingereza na Ufaransa wakavamia, Misri ikazamisha meli kuziba njia, na mafuta ya Ghuba yaliyokuwa yakipita hapo kwenda Ulaya yakakwama. Hao Waingereza ndio waliokuwa wakitutawala, kumbuka. Oktoba hiyo hiyo walimkamata Dedan Kimathi kule Nyeri. Kufikia Desemba, kwao London, watu walikuwa wanapimiwa petroli kwa kuponi.

Mkuu wa kampuni ya magari ya BMC, Leonard Lord, alikasirishwa na vigari vya umbo la yai ambavyo watu walikuwa wamekimbilia kununua ili kuokoa mafuta. Akamwambia mhandisi wake, Alec Issigonis, amtengenezee gari dogo la heshima. Issigonis alikuwa amezaliwa Smyrna, mji ambao leo unaitwa Izmir, Uturuki. Alichofanya ni kuichukua injini, kuigeuza ubavu, na kuiweka gia chini yake ili zote mbili zitumie oili moja. Agosti 1959 gari likatoka: Mini, urefu wa mita tatu na kidogo, injini ya cc 848, magurudumu ya inchi 10 kama ya toroli. Na watu wazima wanne walitosha ndani. Baadaye Dante Giacosa wa Fiat aliiondoa gia chini ya injini akaiweka kando, kwanza kwenye Autobianchi Primula ya 1964, kisha Fiat 128 ya 1969. Mpangilio huo wa Giacosa ndio ulio chini ya boneti za magari madogo mengi unayoyaona leo kwenye foleni ya Thika Road.

Uhaba wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Oktoba 1973, wakati wa vita vya Waarabu na Israeli, nchi za Kiarabu zenye mafuta zilianza kupunguza uzalishaji na kuwanyima Wamarekani. Pipa lililokuwa dola 3 hivi likakaribia dola 12 ndani ya miezi michache. Wamarekani, waliozoea magari ya ukubwa wa sebule, wakapanga foleni kwenye vituo vya petroli na kutazama Honda Civic kwa jicho jipya. Japani yenyewe haina mafuta ya kutaja. Karibu kila tone linaletwa kwa meli. Kwa hivyo wahandisi wake walikuwa wamejifunza ubahili mapema, kama mtoto wa nyumba yenye sukari kidogo. Toyota Starlet ilitoka 1978. Mwaka uliofuata mapinduzi ya Iran yakapandisha bei tena. Mwaka wa 1984 Starlet ikafuata njia ya Giacosa: injini kikingama, magurudumu ya mbele.

Hapa kwetu gari dogo lilikuwa na jina zuri zamani, kuliko wengi wetu tunavyodhani. Pasaka ya 1974, mafuta yakiwa bado moto kote duniani, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally kwa Mitsubishi Lancer ya cc 1600 na kumwacha Björn Waldegård nyuma yake akiwa na Porsche 911. Ushindi wa Joginder wa 1965 ndio naupenda zaidi. Yeye na ndugu yake Jaswant waliendesha Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imeshaitumia kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Gari la mitumba, kwa lugha yetu. Walilipanga upya wenyewe, wakaanza wa kwanza barabarani na wakamaliza wa kwanza. Siku hizi mtu akipita na Starlet watu wanacheka, halafu wanaingia mkopo wa miaka minne wa gari linalokunywa kama ngamia.

Starlet zilifurika miaka ya tisini, serikali ilipolegeza udhibiti wa fedha za kigeni na magari yaliyotumika yakaanza kushuka Mombasa kwa wingi. Mwalimu, nesi, karani wa benki, wote waliweza kujaribu. Toyota iliacha kuitengeneza 1999 na kuleta Vitz badala yake. Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika la zaidi ya miaka 8 kuingia nchini. Piga hesabu: tangu karibu 2008, hakuna Starlet nyingine inayoweza kuja Kenya. Zilizopo ndizo hizo. Kila moja inayouzwa kama chuma kikuukuu, hesabu inapungua.

Moja ilikuwa imekaa kwetu Kahawa West chini ya turubai kwa miaka mitatu. Modeli ya 1993, injini ya 4E-FE, cc 1331, valvu 16. Ilikuwa ya marehemu baba. Dalali mmoja alikuja akaizunguka, akapiga tairi teke, akasema 70,000 na anatufanyia hisani. Mama akamwambia, "Asante baba, nenda salama," kwa ile sauti ambayo mtu wa kwetu akiisikia hajibu.

Mama ana kibanda cha mboga. Siku nne kwa wiki anatoka saa kumi alfajiri kwenda Marikiti. Kwa matatu hesabu yake ilikuwa hivi: nauli ya kwenda na kurudi 200, mzigo 300, mkokoteni hadi steji 50, boda kutoka steji hadi kibandani 100. Jumla 650. Siku ya mvua, ongeza. Na nyanya za chini ya gunia zinafika zikiwa sosi, jambo ambalo halimo kwenye hesabu yoyote.

Kwenda Marikiti na kurudi ni kama kilomita 36. Tulipoiwasha Starlet kwa mara ya kwanza, kila mtu mtaani alishangilia na fundi akataka kulipwa aende. Gari lilikuwa "limefufuka". Lakini nilijaza tangi, nikaendesha wiki moja, nikajaza tena nikagawanya: kilomita 9 kwa lita. Yaani lita 4 kwa safari moja. Petroli ikiwa 185, hiyo ni 740. Gari lilikuwa linawaka vizuri na linamtia Mama hasara ya 90 kila alfajiri. Kama tungekuwa kwenye bei ya Nairobi ya Oktoba 2023, 217.36, safari hiyo ingekula karibu 870.

Hapo ndipo naona watu wengi hukosana na magari ya zamani. Wanasema yanakula mafuta kwa sababu ni mazee. Injini hii ilichorwa na watu waliohesabu kila tone. Uzee peke yake hauifanyi iwe mlevi. Kuna kitu mahali fulani kimeondolewa, kimekwama au kimeziba.

Mzee mmoja fundi, ambaye hufanya kazi chini ya mwembe na hana hata kibao, ndiye aliyenionyesha. Aliacha injini iungurume dakika kumi na tano, akashika mpira wa juu wa rejeta, akaniambia nami nishike. "Kijana, hii ni chai ya jana." Injini ilikuwa haipati moto. Akafungua nyumba ya thamostati: ndani hamna kitu. Miaka ya nyuma gari lilikuwa limechemsha, na fundi wa wakati huo, badala ya kutafuta kinachovuja, aliing'oa thamostati akaitupa. Ni mtindo wa gereji nyingi hapa, ati "hii ni ya nchi za baridi". Kazi yake ni kuzuia maji yasikimbie kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake, nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, maji yanazunguka tangu sekunde ya kwanza, injini inabaki vuguvugu, na kompyuta ya gari, ambayo husoma joto la maji, inadhani ni asubuhi milele. Inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama ya kuwasha gari baridi. Saa kumi alfajiri Thika Road ikiwa tupu na upepo unapiga rejeta, hiyo injini ilikuwa haipati moto hadi Marikiti. Thamostati mpya niliipata Kirinyaga Road kwa 1,200.

Kisha akaliinua gari kwa jeki akaniambia nizungushe kila gurudumu kwa mkono. La mbele kushoto halikusogea. Pistoni ya breki ilikuwa imeshika kutu na kuganda, kwa hivyo gari lilikuwa linafunga breki safari nzima bila mtu kukanyaga. La nyuma moja nalo lilikuwa linasugua. Zile namba nne ndogo ubavuni mwa tairi zinasema wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zetu zilikuwa za nilipokuwa shule ya msingi, na mpira ulikuwa na nyufa kama kisigino cha Januari. Petroli ya zamani tangini ilinuka vanishi, tukaimwaga yote, tukabadilisha chujio na kusafisha injekta. Chujio la hewa lilikuwa na kiota. Sijui ndege gani, lakini alikuwa fundi mzuri.

Plagi, mkanda wa taiming, betri, upepo wa tairi sawasawa, magurudumu kunyooshwa. Jumla ya yote, 43,000 na chenji.

Nikajaza tangi tena, wiki nyingine, nikagawanya. Kilomita 14 kwa lita. Sikuamini, nikarudia wiki iliyofuata, ikawa 14 tena. Safari ya Marikiti sasa ni lita 2.57, shilingi 476. Mama anaokoa 174 kwa safari, na Mama Njeri wa kibanda cha pili, anayekwenda naye, huchangia 150 ya mafuta. Kwa wiki ni karibu 1,300. Zile 43,000 zinarudi kwa miezi minane, ukiongeza bima na oili sema mwaka. Na saa kumi na moja na nusu anakuwa ameshatoka Marikiti, kabla kanjo hawajaanza kudai pesa za kuegesha.

Sitaki kudanganya mtu: kama unasafiri peke yako na mkoba, panda matatu. Hakuna Starlet inayoshinda nauli ya 100. Hesabu inakubali ukiwa na mzigo au na jirani, na ukiwa kwenye ile 14. Ukiwa kwenye 9, unamfadhili mwenye kituo cha petroli.

Ndiyo maana Mswada wa Fedha wa 2024 uliniuma mahali ambapo wengi hawakuona. Tulibishana kuhusu mkate na M-Pesa, sawa. Lakini kulikuwa na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, isiyopungua 5,000 wala kuzidi 100,000. Gari la 150,000 lingelipa 5,000, yaani asilimia 3.3. Gari la milioni 20 lingelipa 100,000, asilimia 0.5. Mtu alikaa ofisini akachora huo mstari akaona ni sawa. Pendekezo liliondolewa Juni 18, na wiki iliyofuata, baada ya watu kuuawa barabarani, Rais akakataa kuutia sahihi Mswada wote. Kwetu, 5,000 ni karibu safari 29 za akiba ya Mama.

Ana kitabu kidogo cha shule ndani ya dashibodi ambamo anaandika kilomita, lita na bei kila akijaza. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Juzi aliniita akanionyesha mstari mmoja: 13.1. Nikashika mpira wa rejeta, uko moto. Magurudumu yanazunguka. Fundi alikuja akatikisa gari mbele akasema bushi zimelegea, magurudumu yametoka kwenye mstari na tairi zinaburura kidogo. 3,500 pande zote mbili, na kunyoosha tena.

Mama amesema tusubiri tarehe 14, EPRA watangaze bei, ndipo ajue kama ni wiki hii au mwezi ujao.