Profesa aliyetaka kaunti yake ivunjwe

Kila bunge la kaunti linapokabana koo na gavana, kama tulivyoshuhudia Meru hadi Gavana Kawira Mwangaza akapoteza kiti, watu wa Ukambani hukumbuka mji wa Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Ilikuwa Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta alipokataa kuivunja Kaunti ya Makueni, ingawa tume aliyoiunda mwenyewe ilikuwa imemshauri aivunje. Cha ajabu ni kwamba gavana, ambaye angepoteza kiti pamoja na wawakilishi wote, hakuipinga hatua ya kuivunja kaunti. Aliiunga mkono. Huyo ni Profesa Kivutha Kibwana.

Kwa wasiomjua, Kibwana ni mwanasheria aliyesomea Nairobi kabla ya kuelekea Marekani, Harvard na George Washington, kisha akarudi kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi na kuwa mkuu wa kitivo. Ujanani aliandika pia fasihi ya Kiswahili, jambo ambalo wanasiasa wenzake hawalitaji kamwe. Rika lake la mawakili wa Kikamba lilikuwa na njia mbili. Kalonzo Musyoka wa Tseikuru, Kitui, alishika ya kwanza: aliingia bungeni 1985 kupitia uchaguzi mdogo wa Kitui Kaskazini, na chama tawala cha wakati huo, KANU, kikamlea hadi ngazi za juu. Kibwana alibaki nje ya chama, chuoni, na baadaye barabarani.

Barabarani ndiko taifa lilikomjulia. Mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa viongozi wa NCEC, kamati tendaji ya kongamano la Limuru lililodai kwamba bila mageuzi ya katiba hakuna uchaguzi. Siku ya maandamano ya Saba Saba, Julai 7 ya mwaka huo, polisi waliingia hadi ndani ya kanisa kuu la All Saints, Nairobi, wakampiga Kasisi Timothy Njoya. Damu ilimwagika katika miji kadhaa. Wabunge wa KANU na wa upinzani wakaona mambo yanawatoka mikononi, wakaketi wenyewe kwa wenyewe katika kundi la pamoja la wabunge, IPPG, wakakubaliana mageuzi machache na kwenda kwenye uchaguzi wa Desemba. Waliopigwa mabomu ya machozi waliachwa nje ya chumba.

Yaliyofuata yanajulikana. Wimbi la NARC, muungano wa vyama vya upinzani, lilimpeleka Kibwana bungeni 2002 kama mbunge wa Makueni, akawa waziri wa Mazingira na kisha Ardhi chini ya Rais Mwai Kibaki. Katika kura ya maamuzi ya 2005 kuhusu rasimu ya katiba alisimama na serikali upande wa Ndizi (Ndiyo) wakati Ukambani ilikuwa Chungwa (Hapana) tupu, na 2007 wapiga kura wakamtoa. Kibaki akamfanya mshauri wake. Wenzake wa zamani wa NCEC hawakufurahia miaka hiyo, na sidhani walikosea.

Katiba mpya ya 2010 ilimpa nafasi ya pili. Mwaka 2013 alichaguliwa gavana wa kwanza wa Makueni kwa tiketi ya Muungano, chama kidogo katika eneo ambalo Wiper ya Kalonzo ilikuwa kama dini. Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanzia.

Ugomvi ulikuwa wa bajeti. Wawakilishi wa wadi walitaka usemi zaidi juu ya fedha na miradi, na wananchi wakasema wanatafuta marupurupu na safari. Wao walijibu kwamba wanatimiza kazi yao ya kumsimamia gavana. Kwa hakika hiyo ndiyo kazi ambayo Katiba iliwapa, na profesa aliyeipigania Katiba hiyo ndiye aliyekuwa akisimamiwa. Bajeti ikakwama, miradi nayo ikakwama. Septemba 2014 risasi zikalia katika majengo ya bunge la kaunti mjini Wote. Watu kadhaa wakajeruhiwa, akiwemo mkuu wa wafanyakazi katika ofisi ya gavana.

Kuanzia hapo wenyeji walichoka kutazama. Kifungu cha 192 cha Katiba kinamruhusu rais kusimamisha serikali ya kaunti katika hali isiyo ya kawaida, na Sheria ya Serikali za Kaunti inataka ombi lenye saini za angalau asilimia 10 ya wapiga kura. Watu wa Makueni wakazikusanya. Fikiria eneo ambako kiangazi humlazimu mama kutembea kutwa kutafuta maji, kisha watu wake wanajipanga kutia saini ili viongozi wote, wa pande zote mbili, warudi kwao kuomba kura upya. Sijui kaunti nyingine iliyowahi kufika hapo.

Rais aliunda tume chini ya wakili Mohammed Nyaoga, ya kwanza ya aina yake nchini. Ilisikiliza mashahidi, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Kama Seneti ingekubali, usimamishaji usingezidi siku 90, kisha uchaguzi. Uhuru akasema hapana, viongozi wapatane. Kwa maoni yangu rais aliogopa kufungua mlango ambao kaunti nyingine zingeupitia. Inaeleweka, lakini waliotia saini hawakuulizwa lolote tena hadi uchaguzi wa 2017.

Walipoulizwa, wengi wa wawakilishi wale hawakurudi bungeni. Kibwana alirudi, safari hii kwa tiketi ya Wiper yenyewe.

Sifa zilizobaki za utawala wake ni za kazi. Mpango wa afya ulioanza 2016 uliitoza familia shilingi 500 kwa mwaka kwa matibabu katika hospitali za kaunti. Kiwanda cha Kalamba kilianza kusindika maembe ambayo kabla yake yaliozea mashambani au kuchukuliwa na madalali kwa bei ya kutupa. Kamati za wananchi, kuanzia vijijini hadi kaunti, zilichagua miradi na kuikagua, na wajumbe kutoka kaunti nyingine wakamiminika Wote kujifunza. Walichojifunza hakionekani sana walikotoka.

Kisha siasa za chama zikamrudia. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa Wiper, akakosana na Kalonzo, akang'olewa. Alitangaza nia ya urais, akaiacha na kumuunga mkono Raila Odinga. Uongozi wa kaunti ulimwendea 2022 Mutula Kilonzo Junior, wakili na mwana wa wakili. Kibwana aliomba useneta wa Makueni bila tiketi ya Wiper, na kiti hicho nacho kikachukuliwa na wakili: Daniel Maanzo, wa Wiper.