Udongo, pavé ao goudron: nini iwekwe juu ya avenyu za Kalemie?

Kila mwaka, mvua za mwezi wa kumi zikikaribia, wakaaji wa avenyu nyingi za Kalemie wanachanga franka ili kununua lori moja ao mbili za udongo. Udongo unamwagwa, unasambazwa na jembe, watu wa taksi-moto wanafurahi. Kufika mwezi wa pili, maji yamekwisha kuupeleka ziwani, na franka pia.

Mara nyingi kosa ni udongo wenyewe. Mchanga wa ziwa ni rahisi kupata, lakini hauna kitu cha kuushikanisha: tairi linazama, na mvua ya kwanza inaubeba. Udongo wa kufyatulia matofali unashikana sana, ila ukilowana unateleza kama sabuni, na mama mwenye beseni ya samaki kichwani anaanguka nao. Unaofaa ni udongo mwekundu wenye vikokoto, ule mafundi wanaita latérite. Vikokoto vinabeba uzito wa gari, udongo laini unavikamata.

Kabla ya kulipa lori, upimwe. Tia udongo katika chupa nyeupe hadi nusu, ongeza maji, tikisa sana, acha mpaka kesho. Vikokoto na mchanga vinakaa chini, udongo laini juu. Ukiona ni mchanga mutupu ao udongo laini mutupu, lori lirudi.

Hata latérite muzuri ikimwagwa tu haidumu. Inapashwa kulowanishwa kidogo na kushindiliwa, ibaki na unene wa sentimeta 15 hivi. Barabara ya upana wa meta 6, katikati yake ipite pembeni kwa sentimeta 12 mpaka 15, maji yateremke kwenye mifereji. Mifereji ndiyo watu wanairuka, juu haionekane kwenye picha siku ya kuzindua.

Wengi wanaomba goudron. Ni safi, haina vumbi. Lakini inaogopa maji yanayolala chini yake: msingi unalowana, malori yanapita, mashimo yanafunguka. Na Kalemie ni muji wa maji. Lukuga ndiyo mto peke yake unaotoa maji katika ziwa Tanganyika, na ziwa likipanda kama 2021 na 2024, sehemu za chini hazikauke upesi. Kuziba shimo la goudron kunaomba pia vyombo ambavyo avenyu haina.

Pavé za simenti zinaweza kutengenezwa papa hapa: Kabimba, kusini ya muji, kuna kiwanda cha simenti. Kwa njia ya magari, pavé iwe na sentimeta 8, ilale juu ya mchanga, na pembeni kuwe bordure ngumu, bila hiyo zinatawanyika. Sehemu ikizama, pavé zinaondolewa, shimo linajazwa, zinarudishwa zile zile. Bei yake ni kubwa kuliko latérite, kwa hiyo inafaa kuziweka paka kwenye mteremko na mbele ya soko, kwingine latérite.

Barabara za muji ni kazi ya Office des Voiries et Drainage. RN5, inayotoka Lubumbashi kwenda Uvira, ni ya Office des Routes. Tangu sheria ya 2008, FONER inakusanya franka za kutunza barabara, kati yake zile zinazokatwa kwenye mafuta ya gari. Mwenye moto anayechanga kwa avenyu yake amekwisha kulipa mara moja kwenye pompi. Hiyo inaweza kuandikwa katika barua ya chef wa kartie, pamoja na urefu wa avenyu na mahali maji yanapopita.