Ndizi Mbivu, Unga Mpya na Makaa Juu ya Mfuniko: Historia ya Jikoni Kasese na Bwera



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, historia tunayosomeshwa shuleni ni ya wafalme, vita na mikataba. Leo tumependa kuandika historia ya kitu kilichomo ndani ya kila nyumba, nacho ni unga. Tutaangalia namna unga uliosagwa upya ulivyokutana na matunda matamu katika nchi ya Kasese na Bwera, chini ya milima ya Rwenzori. Mwisho tutaeleza namna ya kuoka matunda na unga huo bila ya kuwa na oveni. Kabla ya kufika huko kuna jambo zito la kujifunza, kwa sababu mwaka 2017 unga uliwaua watu Kasese.

Kusaga kabla ya mashine

Nafaka ya zamani kabisa katika nchi hizi ni ulezi, ambao wengine wanauita wimbi. Wataalamu wanasema mmea huu ulianza kulimwa hapa hapa Afrika, katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Uliposagwa ulikuwa unawekwa juu ya jiwe kubwa lililolala, na mwanamke akapiga magoti na kusugua kwa jiwe dogo mpaka upate unga. Hapakuwa na unga wa kuweka miezi. Kilichosagwa kililiwa siku ile au siku ya pili.

Sisi Waislamu kazi hii tunaijua pia katika historia yetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bi Fatima (Radhiya Llahu anha) alilalamika kwa baba yake juu ya mikono yake iliyoumizwa na jiwe la kusagia, akaomba msaidizi. Mtume (Swalla Llahu alayhi wa sallam) akamfundisha yeye na Sayyidna Ali kumsabihi Allah, kumhimidi na kumkabiri kabla ya kulala, akasema hilo ni bora kwao kuliko msaidizi. Imepokewa pia kwamba watu wa zama zile walisaga shayiri yao bila ya kuwa na chekecheo, wakapuliza makapi, na kilichobaki wakakila. Kwa hiyo mtoto anayekula mkate leo akumbuke kwamba kwa karne nyingi kila kipande kilipita mikononi mwa mama aliyechoka.

Mihogo na ndizi zilitoka wapi?

Watu wa Bwera wakisikia neno chakula, wengi wanafikiri kwanza obundu, yaani ugali wa unga wa muhogo, pamoja na samaki, maharage au sombe. Lakini muhogo si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta pwani ya magharibi ya Afrika, upande wa Kongo, katika karne ya 16. Kutoka hapo ukasafiri pole pole kwa mito na misafara ya biashara, na katika karne ya 19 ukafika nchi za Maziwa Makuu. Baadaye serikali ya kikoloni ikauhimiza kama akiba ya njaa, kwa sababu unaweza kukaa ardhini muda mrefu ukisubiri kuvunwa.

Ndizi nazo ni wageni, ila wa zamani zaidi. Asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki. Zimekaa katika nchi hizi kwa muda mrefu mno mpaka zikazaa aina zake zenyewe za milimani, zile tunazopika kama matoke. Zile ndogo tamu za kuliwa mbivu, sukari ndizi, zimeenea katika masoko yote ya Uganda.

Hapo wanafunzi wanaweza kupata somo la kufikiri. Chakula kinachoitwa kabalagala, yaani ndizi mbivu zilizopondwa, zikakandwa na unga wa muhogo na kukaangwa, wengi wanakiita chakula cha mababu. Ni kweli ni cha zamani, lakini hakiwezi kuwa cha zamani kuliko muhogo wenyewe. Basi katika Uganda hakiwezi kuvuka karne ya 19. Vitu vingi tunavyoviita vya asili ni ndoa ya wageni wawili waliokutana kwetu.

Chumvi, misafara na Kiswahili

Kusini ya Kasese kuna ziwa la chumvi la Katwe. Chumvi yake iliuzwa mbali kwa vizazi vingi, na watawala wa Bunyoro na Toro waliigombania. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alifika Katwe na kujenga ngome, akaiita Fort George. Mwaka huo huo akaenda Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha, akawaweka katika vituo vya Toro. Wengi wao walikuwa Waislamu, na wao na wenzao ndio asili ya jamii ya Wanubi wa Uganda.

Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamekwisha fika Buganda tangu miaka ya 1840. Misafara yao iliacha neno moja ambalo Waganda wote wanalitumia mpaka leo bila ya kujua lilikotoka. Neno hilo ni posho. Katika Kiswahili posho ni fungu la chakula analopewa mpagazi au askari kwa siku. Kwa kuwa fungu hilo lilikuja kuwa unga wa mahindi, katika Uganda ugali wa mahindi wenyewe ukaitwa posho, na ndio chakula cha shule, kambi na magereza.

Bwera iko mpakani. Ukivuka mto Lubiriha pale Mpondwe umeingia Kongo, na katika soko la mpakani Kiswahili kinasikika pamoja na Lukonzo, kwa sababu ndicho kinachowaunganisha wauzaji na wanunuzi wa pande mbili.

Reli na unga mweupe

Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ilisafirishwa kwenda Jinja kuyeyushwa, na Kasese ikakua kuwa mji wa wafanyakazi kutoka kila upande. Mji wa wafanyakazi unahitaji chakula cha haraka, kwa hiyo mkate wa duka, mandazi na chapati za unga wa ngano vikawa ndio chai ya asubuhi. Mgodi ulisimama mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na reli nayo ikaacha kutumika, lakini ngano ilibaki.

Tatizo ni kwamba ngano nyingi inayoliwa Uganda inatoka nje. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya mkate na chapati ilipanda hata Bwera, maelfu ya kilomita kutoka kwenye vita. Rais Museveni katika hotuba ya Sikukuu ya Wafanyakazi mwaka huo aliwaambia wananchi kwamba wakikosa mkate wale muhogo. Wako waliocheka na wako waliokasirika. Kwa watu wa Bwera muhogo haukuwa habari mpya. Kwao suala ni lingine: je, bado tunajua kuutengeneza?

Mazishi ya mwaka 2017

Mwanzoni mwa Septemba 2017, watu waliohudhuria mazishi wilayani Kasese walikula chakula cha unga wa muhogo. Muda mfupi baadaye wakaanza kutapika, kuhara na kuumwa na tumbo. Uchunguzi ulipokamilika walihesabiwa wagonjwa 98, na wawili kati yao walifariki. Innaa lillaahi wainnaa ilayhi raaji'uun.

 Sumu ilikuwa ya muhogo wenyewe, inayoitwa sianidi. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 katika kila kilo, na kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni 10. Unga huo ulifuatiliwa mpaka kwa muuzaji mmoja wa jumla.

Mihogo michungu ina sumu hii kwa wingi. Wazee waliijua dawa yake: kumenya, kuloweka ndani ya maji kwa siku tatu au zaidi au kuiacha ichachuke, kisha kuponda na kuanika mpaka ikauke. Ikikatwa vipande vinene na kuanikwa haraka haraka bila ya kulowekwa, sumu inabaki, na kuipika tu hakuiondoi yote. Kule magharibi ya Kongo kuna maradhi ya kupooza miguu yanayoletwa na muhogo usiotengenezwa vizuri, yanaitwa konzo. Jina hilo ni la lugha ya Kiyaka na halina uhusiano wowote na ndugu zetu Wakonzo.

Basi hapa tuwe makini. Siku hizi duniani kote watu wanasifu unga uliosagwa upya, na ni kweli una harufu nzuri na ladha bora. Lakini upya peke yake hautoshi. Unga salama ni ule unaoijua historia yake: muhogo wa aina gani, nani aliumenya, ulilowekwa siku ngapi. Zamani kila mama aliijua historia ya unga wake kwa sababu aliusaga mwenyewe. Unga ulipoanza kununuliwa kwa magunia kutoka mbali, historia hiyo ikapotea njiani.

Kwa anayelazimika kutumia unga asioujua, watafiti wakiongozwa na Howard Bradbury wa Australia walipata njia nyepesi, ikajaribiwa na akina mama wa Kongo. Unga unalowanishwa kwa maji, unatandazwa mwembamba usiozidi sentimita moja, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, ndipo unapikwa. Sumu inayobaki huondoka hewani kwa sehemu kubwa.

Matunda chini, unga juu

Ndizi mbivu nazo zilikuwa na njia mbili. Katika magharibi ya Uganda ndizi nyingi zilikamuliwa zikatiwa unga wa mtama na kuwa pombe ya tonto. Familia za Kiislamu zilikunywa maji yake kabla hayajachachuka, au zikazikanda kwa unga. Kwa hiyo kabalagala katika sinia la futari ni zaidi ya kitafunio. Ni tunda lile lile lililoelekezwa njia ya halali.

Marekani wana chakula wanachokiita cobbler. Matunda yanawekwa chini, donge la unga linafunika juu, yanaokwa. Wahamiaji waliokuwa safarini bila ya oveni walitumia chungu cha chuma, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Watu wa pwani yetu wanacheka wakisikia hivyo, kwa sababu mkate wa kumimina wameuoka kwa moto wa juu na chini tangu zamani. Basi na sisi tunaweza:

1. Kata maembe au mananasi yaliyoiva, vikombe 3, uyatandaze ndani ya sufuria nzito iliyopakwa samli. Nyunyiza sukari kidogo na maji ya limau.

2. Ponda sukari ndizi zilizoiva sana upate kikombe 1 na nusu. Tia yai 1, vijiko 2 vya samli na chumvi kidogo.

3. Changanya na kikombe 1 na nusu cha unga wa muhogo uliotengenezwa vizuri na kuchekechwa. Usitie maji, ndizi zinatosha. Anayependa laini zaidi afanye nusu ngano.

4. Funika matunda kwa mchanganyiko huo, tabaka jembamba. Weka juu ya sigiri yenye makaa machache, funika, kisha pakia makaa mengi zaidi juu ya mfuniko.

5. Baada ya nusu saa hivi chungulia. Ukiona juu pamekauka na kuwa rangi ya kahawia, na matunda yanachemka pembeni, teremsha.

Ndugu wazazi, siku mtakapooka msiwaite watoto wakati wa kula peke yake. Waiteni wakati wa kumenya na kuloweka, wahesabu siku pamoja nanyi. Nanyi wanafunzi, waulizeni bibi zenu walikuwa wanaujuaje muhogo mchungu na walikuwa wanauloweka wapi, muandike majibu kabla hawajatutangulia. Elimu hiyo haimo vitabuni, na mwaka 2017 tuliona gharama ya kuipoteza.

Allah atujaalie riziki ya halali iliyo salama. Wabillahi tawfiq.