Sandarusi, Pamba na Maji: Habari ya Vanishi ya Magitaa

Hapa kwetu Chapwa, karibu na Tunduma, gitaa si kitu kigeni. Tangu zamani za ukoloni vijana wa pande hizi walivuka mpaka kwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine waliporudi walileta gitaa pamoja na blanketi na baiskeli. Siku hizi wapo maseremala wachongao magitaa ya kwaya kwa mti wa mninga, nao hawaishi kubishana: je, gitaa lipakwe vanishi ya pamba au vanishi ya maji? Watu hudhani huo ni ubishi wa mafundi tu. Lakini una historia ndefu, na mwanzo wake umo katika pwani yetu wenyewe.

Kabla ya vanishi hizo mbili, vanishi iliyosifiwa sana ulimwenguni ilitoka katika udongo wa Mrima. Ni sandarusi. Utomvu wa msandarusi huanguka chini, hufukiwa na mchanga, na baada ya miaka mingi sana huwa mgumu kama jiwe. Wachimbaji waliutafuta katika mchanga mwekundu nyuma ya Bagamoyo na Kilwa, wakawauzia wafanya biashara, nao wakaupeleka Unguja. Ule uliotoka mtini ungali laini uliitwa chakazi, wala haukuwa na bei. Sandarusi ya kweli ilipokwisha oshwa ilionyesha vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na kwa alama hiyo mnunuzi hakudanganywa. Richard Burton, aliyeanza safari yake ya bara mwaka 1857, aliandika habari za biashara hiyo kwa urefu. Baada ya mapatano ya Sayyid Said na Wamarekani, mwaka 1833, merikebu za mji wa Salem zilichukua shehena nyingi, na magari ya farasi ya matajiri wa ng'ambo yakang'aa kwa utomvu wa miti yetu. Twapenda jambo hili likumbukwe, maana wengi hudhani kila king'aacho kilibuniwa Ulaya na vitu vya Ulaya.

Ila ya sandarusi ni kwamba hupikwa kwa moto mkali pamoja na mafuta ya kitani, tena hukauka polepole mno. Mafundi wa magitaa wa Hispania walitumia lakiri, ile itokayo kwa wadudu wa Bara Hindi, wakaiyeyusha katika spiriti na kuisugua kwa kitambaa.

Ndipo ikaja pamba. Mwaka 1846 Christian Friedrich Schönbein, mwalimu wa kemia katika mji wa Basel, aliichovya pamba katika asidi mbili kali zilizochanganywa, ya nitriki na ya salfuriki. Pamba ilibaki kuonekana pamba, lakini ilipoguswa na moto iliwaka mara moja, karibu bila moshi. Wenye vita wakaifanya baruti. Wengine wakaifanya filamu za sinema, nazo ziliteketeza majumba mengi. Baada ya Vita ya 1914 hadi 1918 kampuni ya DuPont ya Marekani ilipata njia ya kuifanya rangi nyepesi ya kupulizwa, iliyoitwa Duco, na mwaka 1923 motokaa za Oakland zikapakwa rangi hiyo. Kazi ya majuma ikawa ya siku chache. Katika miaka hiyo ya 1920 Gibson na Martin, watengenezaji wa magitaa, wakaifuata vanishi ya namna hiyo. Jina lake la kitaalamu ni nitroselulosi.

Sifa zake si za uongo. Hukauka kwa dakika chache, hata vumbi la malori ya barabara ya Zambia halipati nafasi ya kutua. Mkono wa pili huyeyuka ndani ya wa kwanza, basi gitaa la miaka 30 likikwaruzwa laweza kutengenezwa pasionekane kovu. Lakini huwa ya manjano kwa uzee. Hupasuka nyufa ndogo ndogo gitaa likitolewa ghafula katika baridi kama ya Juni kwetu na kuingizwa penye joto. Na ikipulizwa siku ya mvua hupiga weupe kama maziwa. Wapo wasemao kwamba huufanya ubao uimbe vizuri zaidi. Sisi hatusadiki sana: vanishi nene, ya namna yoyote, ndiyo izuiayo ubao kutikisika.

Vanishi ya maji ni mtoto wa juzi. Mwaka 1953 kampuni ya Rohm and Haas ilianza kuuza utomvu wa akriliki uliochanganywa na maji, kwa rangi za nyumba. Los Angeles ilipoweka sheria juu ya mivuke ya rangi, mwaka 1966, viwanda vilipata sababu ya kuitengeneza vizuri zaidi. Hata hivyo yataka uvumilivu. Hutuisha nyuzi za mti, lazima kupiga msasa tena. Mikono yake haiyeyukiani vema. Na katika baridi au unyevu hukawia kukauka. Kwetu wakati wake ni Septemba na Oktoba.

Basi fundi achague ipi? Karakana zetu nyingi zimeungana na nyumba, gundi huchemshwa juu ya jiko la mkaa, na wanafunzi wa kazi ni watoto. Mvuke wa vanishi ya pamba ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni mpaka uufikie moto ulio mbali, na unga wake uliokauka ukutani bado ni jamaa ya baruti. Mahali kama hapo twasema bila kusita, ipakwe ya maji, hata kama mng'ao utapungua kidogo. Ya pamba na itumiwe uwanjani, mbali na moto, kwa kutengeneza magitaa ya zamani yaliyopakwa pamba tangu mwanzo. Kuyatambua si kazi: tia tone la spiriti mahali pasipoonekana, na vanishi ikilainika upesi ni lakiri; isipolainika, tia tone la thina, nayo ikilegea ni pamba. Isipolegea kwa lolote, huenda ni plastiki ngumu ya viwanda vya leo, nayo haifai kuguswa ila kwa msasa.