Siri ya kicheko: kwa nini mchekeshaji hutuchekesha

Wengi hudhani kuchekesha ni kipaji tu cha kuzaliwa nacho. Kipaji kipo, lakini kicheko kina kanuni zake, na mwenye kuzijua huweza kumtenga mchekeshaji hodari na yule anayetuchezea shere.

Kanuni ya kwanza ni kupindua matarajio. Chukua kisa cha Abunuwasi na sufuria, ambacho wengi wetu tumekisikia tangu utotoni. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kijisufuria ndani, akasema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Mara ya pili akaazima, asirudishe. Alipoulizwa, akasema imekufa. Jirani akang'aka: sufuria hufaje? Akajibiwa kwamba aliyekubali imezaa hana budi akubali imekufa. Kuzaa ndio mtego uliotegwa mapema, na kufa kunakuja kuufyatua. Aliyenaswa amenaswa na tamaa yake mwenyewe, ndiyo maana hatumhurumii. Ukianza kisa na kifo cha sufuria, hakuna atakayecheka.

Ya pili ni tabia isiyobadilika. Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake cha 1900 kuhusu kicheko, alieleza kwamba tunamcheka binadamu anapokwenda kama mashine pale anapotakiwa abadilike kulingana na hali. Mr. Bean, aliyeanza kuigizwa na Rowan Atkinson katika televisheni ya Uingereza 1990, hasemi sana, bali kila tatizo dogo hulitatua kwa kuzua kubwa zaidi. Hata asiyejua Kiingereza humfuata bila taabu. Jirani zetu wa Tanga walitupa Amri Athumani, yaani Mzee Majuto, aliyefariki Agosti 2018. Umri wake ulidai utulivu, lakini mambo yake yalikuwa ya papara.

Ya tatu ni wakati. Neno likitoka mapema, watu hawajawa tayari, likichelewa, wameshalibuni. Tena kicheko huambukiza. Katika miaka ya 1950, Mmarekani Charley Douglass alitengeneza mashine ya vicheko vilivyorekodiwa ili vitiwe kwenye vipindi vya televisheni, kwa sababu mtu peke yake sebuleni hacheki kama aliye kwenye kundi.

Ya nne, na ndiyo inayotugusa sisi wa pwani, ni nani anayechekwa. Vichekesho vya Kenya vimetegemea sana lafudhi. Marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza kwa lafudhi ya Kijaluo, na alipendwa miaka mingi. Ojwang alikuwa mtu kamili, mwenye mke, ujanja na aibu zake. Lafudhi ilikuwa vazi lake tu.

Mlinganishe na "Mswahili" wa vichekesho vingi vya leo: kanzu, kofia, maneno matamu, uvivu, basi. Hana jina wala kazi. Hapo hakuna tarajio lililopinduliwa. Mtazamaji anarudishiwa dhana ileile aliyokuja nayo. Ni udhaifu wa sanaa, na una gharama. Kijana wetu anapokwenda bara kutafuta kazi, huikuta taswira hiyo imemtangulia mlangoni.

Wazee wetu waliujua mpaka. Utani una wenyewe: babu na mjukuu, mtu na shemejiye. Mtani hukutania, nawe ukamrudishia, mkacheka wote. Asiyepewa nafasi ya kujibu hataniwi, anadhihakiwa, na Suratul Hujurat imetukataza watu kuwadhihaki watu wengine.

Basi ukimaliza kutazama kichekesho, jiulize: nimecheka kwa kisa, au kwa kabila la mtu? Ukiondoa lafudhi na mavazi, je, kuna kilichobaki cha kuchekesha?

Na kijana wa Mombasa, Malindi au Lamu anayerekodi vichekesho kwa simu yake asingoje wengine watuchore. Ampe Mswahili wake jina, kazi na tamaa, amtegee mtego mapema, kisha aufyatue. Hapo tutacheka sisi, na wa bara watacheka nasi.