Prakriti

Prakriti ni umbile la mwili na tabia analozaliwa nalo mtu, kwa mujibu wa Ayurveda, tiba ya Bara Hindi ambayo vitabu vyake vikuu vya kale, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, viliandikwa kwa Kisanskriti. Tabibu wa Ayurveda huchunguza umbile la mgonjwa sambamba na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa homa moja haitibiwi namna moja kwa watu wawili.

Msingi wa umbile hilo ni elementi tano: anga, hewa, moto, maji na ardhi. Mwilini hizo hufanya nguvu tatu ziitwazo dosha. Vata, ya hewa na anga, huendesha kila kinachojongea, kuanzia pumzi hadi haja. Pita, ya moto na maji, humeng'enya chakula na kuleta joto. Kafa, ya maji na ardhi, hushikamanisha viungo na kuvilainisha. Vagbhata, mwandishi wa Ashtanga Hridayam, anasema zote zimeenea mwili mzima, ila makao ya vata ni chini ya kitovu, ya pita ni kati ya kitovu na moyo, na ya kafa ni juu ya moyo.

Kiasi cha kila dosha hupangwa mimba inapotungwa. Charaka haishii kutaja aina za watu. Anatoa sababu, sifa kwa sifa. Vata ni kavu, kwa hiyo mtu wake ni mwembamba, sauti yake inakwaruza na usingizi wake ni haba. Tena vata ni ya haraka, ndiyo maana mtu wake hushika jambo upesi na kulisahau upesi. Pita ni moto: mtu wake hastahimili joto, njaa humshika kila mara, mvi na upara humjia mapema. Kafa ni nzito na baridi, na mwenye nayo ana hatua thabiti, njaa na kiu kidogo, wala si mwepesi wa kuanza jambo. Hapa ndipo penye ubora wa vitabu hivi: waandishi wake walimtazama binadamu kwa makini sana.

Mtu wa dosha moja tupu ni nadra. Hesabu ya kale ina aina saba: tatu za dosha moja moja, tatu za mbili mbili, na moja ya mizani sawa, ambayo ndiyo bora. Majaribio mafupi ya magazetini yanayompa msomaji jibu la neno moja yanaipotosha elimu hii. Nafsi nayo ina mizani yake: satva ni utulivu, rajasi ni msukumo na tamaa, tamasi ni uzito na giza. Charaka anagawa nafsi katika aina 16: 7 za satva, 6 za rajasi na 3 za tamasi.

Prakriti yenyewe si ugonjwa. Mtu huugua dosha inapovuka kiasi chake, naye hutibiwa kwa kinyume chake: ukavu wa vata hukandwa kwa mafuta ya ufuta, ukali wa pita hupozwa kwa samli na vyakula vitamu.

Wasomaji wa pwani watakumbuka tiba ya Kiyunani, yenye majimaji manne ya mwili: damu, balghamu, safura na sauda. Ayurveda huihesabu damu kwingine, miongoni mwa dhatu saba zinazoujenga mwili: utomvu wa chakula, damu, nyama, mafuta, mifupa, uboho na mbegu za uzazi.

Serikali ya India iliunda wizara ya tiba za jadi, AYUSH, mwaka 2014. Hata hivyo, sayansi ya sasa haijaona dosha kama kitu kinachopimika mwilini, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika takriban moja ya tano ya dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa mtandaoni. Anayetumia dawa hizi, hasa mjamzito, amweleze daktari wake.